Dalenda na Chupa ya Peptidi

Kila siku alasiri, wanaume wakishatoka, hamamu, bafu la mvuke la watu wote, ya mtaa wa juu mjini Kef huwa zamu ya wanawake. Dalenda hutangulia kufika. Humwaga maji sakafuni, hufagia, hutia kiwiko ndani ya birika kubwa la jiwe kupima joto la maji. Kisha huvaa glovu yake ya kusugulia, hufunga shuka kiunoni na kusubiri wateja.

Kazi hii aliirithi kwa mama yake, Mongia. Mongia alisugua migongo ya wanawake wa Kef kwa miaka thelathini. Enzi hizo nyumba zenye maji ya moto zilikuwa za kuhesabu. Kef ni mji wa mlimani na baridi yake haina huruma, basi siku ya Alhamisi hamamu ilijaa pomoni. Wanawake walikuja na ndoo, na machungwa, na mayai ya kuchemsha, na watoto wao wote. Mabibi harusi waliletwa kwa mishumaa na nyimbo. Sauti zilipanda hadi kwenye kuba, zikagonga, zikarudi chini pamoja na matone ya maji.

Wateja wakiisha, Mongia alimwita binti yake. Alimkalisha katikati ya magoti yake. Alimpaka mafuta ya zeituni kichwani, akamsuuza kwa udongo laini wa kuoshea nywele, kisha akashika chanuo.

"Nywele huanzwa kuchanwa chini, mwanangu," alimwambia. "Ukianzia juu, unagombana nazo."

Nywele za Dalenda zilifika kiunoni. Wanawake walimtazama wakasema mashallah. Mongia aliwasha uvumba haraka, maana alijua si kila mashallah hutoka moyoni.

Sasa Dalenda ana miaka arobaini na sita. Mama yake amefariki zamani. Nyumba nyingi zina maji ya moto, na Alhamisi hamamu haijai tena. Mara nyingine huwa na wateja watano tu. Dalenda hukaa kwenye ukingo wa jiwe, akisikiliza maji yakidondoka, akiwakumbuka walioimba humo.

Kuzibua mfereji wa maji machafu ni kazi yake. Miaka yote amevuta humo mafundo ya nywele, na anazijua: nyekundu za hina ni za wazee, nyeusi za wasichana, za manjano ni za wale wanaotaka kufanana na waigizaji. Majira ya baridi yaliyopita alivuta fundo kubwa. Nywele zilikuwa ndefu, nyeusi, na ncha zake za kahawia. Alilitazama kwa muda. Zilikuwa zake.

Tangu siku hiyo alianza kufunga kitambaa kichwani, hata ndani ya chumba cha moto. Huko hakuna anayejifunika.

"We Dalenda!" mteja mmoja alimpigia kelele. "Mgongo wangu unaujua kuliko mume wangu, halafu leo unanionea haya ya kichwa?"

"Nina mafua," alijibu Dalenda.

"Mafua ya miezi miwili? Hayo sasa ni mpangaji!"

Wanawake wakacheka. Dalenda naye akacheka, lakini kitambaa hakukitoa.

Nyumbani, mume wake Tayeb aliliona jambo hilo mapema. Tayeb ni mwokaji mikate, na kichwa chake kinang'aa kama sinia. Asubuhi moja aliziona nywele juu ya mto.

"Karibu chamani, mke wangu," alisema. "Mimi ndiye mwenyekiti."

Dalenda hakucheka. Aliziokota nywele mojamoja. Tayeb alipouona uso wake, utani ulimkauka mdomoni.

"Nisamehe," alisema. "Upara wangu ulikuja pole pole, tukazoeana. Wako una haraka. Nenda hospitali, Dalenda."

"Hospitali kwa ajili ya nywele? Watu wana maradhi ya kweli huko. Nitachekwa."

Aliyeleta dawa alikuwa wifi yake, Sihem. Sihem ni dada yake Tayeb, fundi cherehani, na simu haimtoki mkononi. Aliingia jikoni bila kubisha hodi, akaweka kichupa kidogo mezani. Ndani kulikuwa na unga mweupe.

"Wifi, shida yako imekwisha."

"Nini hiki?"

"Peptidi! Dunia nzima inazungumza habari zake, ila wewe uko chini ya kuba lako unasugua nongo. Zinaotesha nywele. Nimeagiza kwenye simu. Ona, mpaka maandishi yake ni ya Kizungu."

"Yanasemaje?"

"Mimi nijue wapi? Lakini mtu hawezi kuandika vizuri hivi juu ya kitu kibaya."

"Unapakwa au unanywewa?"

"Unachanganywa na maji, halafu sindano kichwani. Usiogope. Si mimi niliyekuwa nikimchoma baba sindano za sukari?"

Dalenda alikitazama kichupa. Alizikumbuka nywele zake za kiunoni, na magoti ya mama yake, na chanuo likishuka pole pole. Moyo ukamwambia huenda. Akainamisha kichwa.

Sihem alichoma mara tatu, akarudi wiki iliyofuata akachoma tena. Siku ya tatu baada ya hapo utosi wa Dalenda ulivimba. Ngozi ilikuwa ya moto, na palipochomwa palianza kutoa usaha. Sihem alisema ni dawa inafanya kazi. Dalenda alikaza kitambaa akaenda kazini.

Kuna mambo mengine ambayo hakumwambia mtu. Akipanda ngazi za mtaa wa juu, moyo ulimpiga kama ngoma. Mikono yake ilikuwa baridi hata ndani ya mvuke. Na ule udongo wa kuoshea nywele, alianza kuumega na kuula. Alijificha nyuma ya birika, akatafuna kipande, akapangusa midomo.

Alhamisi moja alikuja Neziha, mfamasia mwenye duka la dawa karibu na soko. Neziha amesuguliwa na Dalenda tangu akiwa mtoto wa kubebwa. Humwita khaloo, kama mtu amwitavyo dada wa mama yake.

"Khaloo, mbona leo unanipapasa tu?" aliuliza Neziha akiwa amelala kifudifudi. "Zamani ulikuwa unanichuna ngozi hadi nalia."

"Zamani ulikuwa mchafu," alijibu Dalenda.

Neziha alicheka. Kisha akahisi glovu imesimama. Akasikia viatu vya mbao, mitalawanda ya Dalenda, vikiteleza, halafu kishindo. Dalenda alikuwa chini.

Wanawake walipiga yowe. Wanne wakambeba hadi chumba cha baridi. Wakamlaza, wakamwinulia miguu juu ya ndoo, wakampepea. Katika purukushani ile kitambaa kilianguka. Wale waliomjua Dalenda mwenye shungi la kiunoni waliona kichwa ambacho ngozi yake ilionekana kati ya nywele, na juu ya utosi majipu sita mekundu.

Dalenda alifumbua macho akakuta wanamtazama. Akanyoosha mkono kukitafuta kitambaa.

"Kiache," alisema Neziha. "Nani amekufanya hivi?"

"Nimejifanya mwenyewe."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, khaloo. Niambie yote."

Dalenda akamwambia yote. Sihem aliitwa, akaja mbio, na kichupa mfukoni. Neziha alikipeleka kwenye mwanga wa dirisha akasoma maandishi.

"Sihem, unajua kumeandikwa nini hapa?"

"Kwamba ni nzuri?"

"Kumeandikwa: kwa uchunguzi wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu."

Sihem alikaa chini pale pale, juu ya sakafu yenye maji.

"Wifi yangu!" alisema. "Nimekuua."

"Bado hujaniua," alisema Dalenda. "Inuka, unalowa."

"Basi hizo peptidi ni uongo mtupu?" aliuliza mwanamke mmoja. "Binti yangu naye anataka kuzinunua."

Neziha alifunga shuka lake vizuri, akakaa kwenye benchi. Wanawake wakamzunguka.

"Si uongo mtupu," alisema. "Peptidi ni vipande vidogo vya protini. Miili yetu yenyewe hutengeneza za aina nyingi. Nyingine ni kama wajumbe. Hupeleka habari: hapa pana jeraha, paponywe, hapa paote. Wataalamu wamechunguza chache, hasa aina moja inayobeba madini ya shaba, waone kama ikipakwa kichwani itasaidia nywele. Kuna dalili kwamba huenda ikasaidia kidogo. Lakini uchunguzi huo ni mdogo bado. Hakuna aliyethibitisha kwamba inaponya upara."

"Kwa hiyo nilisema kweli!" alisema Sihem.

"Ulisema robo. Robo tatu ilikuwa sindano." Wanawake wakacheka, na hata Dalenda akatabasamu. "Ninazozungumzia mimi ni za kupaka. Zina jina la aliyezitengeneza na tarehe ya kuisha, na zinauzwa duka la dawa. Hiki kichupa hatujui ndani mna nini. Maji ya kuchanganyia mliyatoa wapi?"

"Nilichemsha kwenye sufuria," alisema Sihem kwa sauti ndogo.

"Maji ya sufuria si ya sindano. Mmemwingizia uchafu chini ya ngozi, ndiyo maana ametoka majipu. Shukuruni haukuingia kwenye damu." Kisha akaushika mkono wa Dalenda, akaugeuza kiganja juu. Kilikuwa cheupe kama unga. Akamvuta chini ukope wa jicho. Ndani nako kulikuwa kweupe. "Khaloo, mume wako ni mwokaji. Ukimtuma mjumbe kumwambia, 'Tayeb, oka mikate mia,' na dukani hakuna unga, atafanyaje?"

"Atamtukana mjumbe."

"Ndivyo itakavyosema mizizi ya nywele zako. Nadhani huna damu ya kutosha. Hata ungepata peptidi safi, zingekuta unga hakuna. Nywele zikianguka kwa wingi, swali la kwanza si 'nipake nini?' Swali la kwanza ni 'kwa nini?' Kesho tunakwenda hospitali. Mimi na wewe."

Siku ya pili walikwenda. Daktari wa ngozi aliitwa Faten, mwanamke mpole mwenye miwani. Aliangalia majipu akaandika dawa. Akavuta nywele chache kwa vidole, akazihesabu zilizotoka. Akaagiza damu ipimwe. Halafu akaanza kuuliza maswali ambayo Dalenda hakuyategemea.

"Siku zako za mwezi zikoje?"

Dalenda aliinama. "Nzito. Kwa miaka miwili sasa. Wakati mwingine siku kumi."

"Ulimwambia nani?"

"Mambo haya anaambiwa nani, daktari?"

"Mimi. Na kuna kitu unachotamani kula ambacho si chakula? Barafu, chaki, udongo?"

Dalenda alishtuka kama mwizi aliyemulikwa taa. "Udongo," alisema. "Ule wa kuoshea nywele. Umejuaje?"

"Upungufu wa madini ya chuma humfanya mtu atamani vitu hivyo. Si tabia mbaya. Ni mwili unalia."

Mbele ya macho yake aliiona hamamu ya zamani. Aliona Mongia akiegemea ukuta baada ya kila mgongo, akisema ni joto tu hili. Alimwona akimega udongo na kusema kwa utani kwamba ni mtamu kuliko mkate. Alikumbuka pia kitambaa cheusi ambacho mama yake alikifunga miaka yake ya mwisho. Watu walisema ni heshima ya ujane. Siku moja tu, Dalenda alimkuta akichana nywele peke yake, na chanuo lilikuwa limejaa. Mongia alilificha haraka chini ya shuka.

"Mama yangu alikuwa hivi," alisema, na machozi yakamtoka. "Alikula udongo. Alichoka. Sisi tukasema ni uzee. Alikuwa na miaka hamsini tu, daktari. Hamsini! Na sisi tulimcheka kwa huo udongo."

Neziha alimshika bega. Daktari Faten alivua miwani.

"Siwezi kumpima ambaye hayupo," alisema. "Lakini wewe upo."

Majibu ya damu yalipotoka, ilikuwa kama walivyodhani. Damu ilikuwa pungufu sana, na akiba ya chuma mwilini ilikuwa imekwisha. Daktari wa wanawake alimpima akaona uvimbe ndani ya kizazi. Haukuwa saratani, lakini ndio uliomfanya avuje damu nyingi. Alipewa matibabu ya kuupunguzia nguvu, na akaambiwa asikose kurudi kila anapoitwa.

Kwa upande wa damu alipewa vidonge vya chuma.

"Choo kitakuwa cheusi, usiogope," alisema daktari Faten. "Meza kidonge na maji ya chungwa au ya limau. Usikimeze pamoja na chai, wala usinywe chai karibu na chakula. Chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Kula dengu, maini, majani ya kijani. Na uvumilie. Nywele ni za mwisho kulishwa. Mwili hulisha moyo kwanza."

"Na peptidi?" aliuliza Sihem, aliyekuwa amejibanza mlangoni.

"Vidonda vipone kwanza, na damu irudi. Tukiona nywele zinasuasua, ipo dawa ya kupaka iliyochunguzwa zaidi. Losheni ya peptidi nayo si mbaya kuijaribu, ila iwe msaidizi. Msaidizi hafanyi kazi ya mwenye nyumba."

Nyumbani, Tayeb alijiteua kuwa askari wa chai. Kule Kef chai huchemshwa hadi iwe nzito kama asali, na Dalenda aliipenda kuliko wali. Tayeb alilificha buli nyuma ya magunia ya unga.

"Saa mbili baada ya chakula," alisema. "Kabla ya hapo, hata ukilia."

"Nitalia."

"Lia tu. Machozi hayana chai."

Mwezi wa kwanza nywele ziliendelea kuanguka. Dalenda alitaka kukata tamaa. Mwezi wa pili alipanda ngazi za mtaa wa juu bila kusimama, akashangaa alipojikuta amefika. Tamaa ya udongo ilimtoka kama ilivyokuja. Mwezi wa nne nywele kwenye mfereji zilipungua. Damu ikapimwa tena, na safari hii daktari alitabasamu kabla ya kusema neno.

Ndipo akamruhusu atumie losheni. Neziha aliitoa kwenye rafu ya duka lake, ikiwa imefungwa vizuri. Walisoma pamoja jina na tarehe.

"Kwanza tone moja nyuma ya sikio," alisema Neziha. "Ungoje siku mbili. Pakiwasha au pakiwa pekundu, uache uniambie. Pasipokuwa na kitu, upake kichwani kama ilivyoandikwa. Usizidishe. Na vidonge usiache."

"Hii ndiyo itakayoziotesha?"

"Sijui, khaloo. Nikikwambia ndiyo, nitakuwa kama yule wa kwenye simu. Chuma ndicho kilichofanya kazi kubwa. Hii huenda ikasaidia."

Dalenda alilipenda jibu hilo. Muuzaji wa kwenye simu hakuwahi kusema sijui.

Mwezi wa nane, vinyweleo vifupi vilikuwa vimesimama pembezoni mwa paji la uso, vimekakamaa kama vya kifaranga. Havikuwa shungi la kiunoni. Daktari alimwambia huenda nywele zisirudi zote kama za ujana, na Dalenda alilikubali hilo. Hata hamamu haikurudi kuwa ile ya Mongia.

Kitambaa alikiacha. Na alianza kusema. Akimwona msichana anatafuna barafu, alimuuliza habari za siku zake. Akimsugua mwanamke aliyejifungua karibuni, akaziona nywele zinamtoka, alimwambia, "Baada ya uzazi huwa hivyo, hurudi zenyewe. Lakini ukichoka kupita kiasi, kapimwe." Neziha alisema kwamba tangu hapo wanawake sita wa mtaa wa juu walikuja dukani kwake na karatasi za kupimia damu, na wanne wakakutwa na upungufu. Mmoja wao alikuwa Sihem.

"Na wewe!" Dalenda alimwambia. "Daktari wa simu!"

"Usinikumbushe, wifi. Nimefuta kila kitu. Nimebakiza mitindo ya nguo tu."

Alhamisi moja walikuwa wote chumba cha moto. Wanawake walikuwa kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa ameanzisha wimbo wa zamani wa harusi. Sihem alisogea nyuma ya Dalenda akakitazama kichwa chake kwa karibu.

"Hizi kweli zimeota?" alisema. "Au umebandika?"

Kabla Dalenda hajajibu, Sihem alishika vinyweleo viwili akavivuta.

"Aaa! Wewe mwehu! Zinauma!"

"Zinauma?" Sihem aligeukia wenzake, mikono juu. "Jamani, zinauma! Zina mizizi!"

Dalenda alichota ndoo ya maji baridi akammwagia yote. Sihem alipiga ukelele uliokatiza wimbo. Kwa muda hakuna kilichosikika chini ya kuba isipokuwa kicheko.